Duka la Saa Alilojivunia Baba

Mdogo wangu Asnati,

Tangu tumzike baba ukarudi Dar es Salaam, sijapokea simu zako. Unadhani ni uchovu wa msiba. Si uchovu, ni wivu.

Unakumbuka alivyotufundisha kushika timazi, ule uzi wenye kizito wa kunyooshea ukuta, akijenga ukuta wa kanisa pale Newala? Upepo wa mlimani uliuyumbisha uzi, nawe ukabana pumzi ukidhani ni wewe unayeupuliza. Baba akacheka: "Huyu fundi tayari!" Mimi nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Hata hakugeuka.

Tukasomea upimaji wote wawili. Nikarudi Masasi kupima mashamba ya mikorosho. Wewe ukaingia kwenye kupima maduka ya matajiri, ambako kosa la unene wa ukucha ni kosa kubwa.

Baba alipolazwa hospitali ya Mkomaindo, nilimwogesha na kumlisha uji. Ndipo ukatuma picha za lile duka la saa ulilolipima. Ukatusimulia kwenye simu kwamba ukuta ulioonekana umenyooka ulikuwa umeinama, mashine yako ya leza ikaligundua hilo, na vioo vya makabati vikakatwa kuufuata ulivyo. Vikaingia bila mwanya. Baba alisikiliza kama anayesikiliza mahubiri.

Siku ile hakuiachia simu yangu. Kila muuguzi aliyeingia alionyeshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu ona, mwanangu kalipima duka hili."

Mmoja akanigeukia. "Kumbe ni wewe, dada?"

"Siye," baba akadakia. "Huyu Mama Neema. Huyu ananiuguza tu."

Nilichukua beseni nikatoka. Nikamwaga maji, nikabaki nimesimama uani, nikakuchukia wewe ambaye hata hukuwepo. Baba mwenyewe sikuweza kumchukia, alikuwa anakufa.

Msibani nako ikawa vilevile. Akina mama niliopika nao waliacha masufuria wakakukimbilia: "Ndiye huyu wa maduka!" Nikaendelea kusonga ugali.

Asubuhi ya kuondoka ukanishika mkono. "Dada, nimepata duka la vito, la ghorofa mbili. Nataka tulipime wote. Chuoni ulikuwa ukinirudishia hesabu zangu mpaka nalia. Sijapata tena mtu wa kunibana hivyo."

Nikakujibu nitafikiri. Moyoni nilichemka: hata sifa yangu niipokee kutoka mkononi mwako? Mbona baba hakuisema?

Lakini tangu siku hiyo, nikiwa shambani, najikuta nawaza kuta na vioo. Naitaka kazi hiyo, Asnati. Naitaka kuliko ninavyokuonea wivu, ingawa kwa kidogo tu.

Basi nakuja. Neema atabaki kwa bibi yake. Wivu wangu nakuja nao, usiniombe niuache stendi ya Masasi. Ila tukifika mbele ya mwenye duka, usiseme nimekuja kukusaidia. Usiseme hata kwamba mimi ni dada yako. Sema, "Huyu ni mpimaji," kisha unyamaze.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Dada yako