Kompyuta ya Mama Imerudi Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu za moyoni. Natumaini u mzima, wewe na wifi, na kwamba kikohozi chake kimetulia. Sisi hatujambo, ila mimi sijatulia. Hata sasa naandika huku mguu unacheza chini ya meza. Haya hayasemeki kwa simu, Mama akiwa chumba cha pili.

Unakumbuka ulivyoingia kwenye kompyuta ya Mama ukiwa huko huko mbali, ukaiwekea mfumo mpya. Ulifanya kwa mapenzi, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu hapo Mama akawa anaiwasha, anaitazama, kisha anajiondokea. Akatuambia cherehani yake ya kudarizi, inayoendeshwa na kompyuta hiyo, haielewani nayo tena. Sare za shule zikarundikana kwenye kochi bila nembo, walimu wakaja juu, naye akawa anashinda kitandani, hagusi hata chai. Ndipo nikafunga safari kurudi nyumbani. Nilimkuta amebaki macho tu, nikaogopa tutampoteza.

Nikamwita fundi wa kompyuta tunayemwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wengi hurudi kwao wamepoteza kumbukumbu. Akasema dawa ni kurudisha mfumo wa zamani, ila afute kila kitu kwanza. Nikamwambia humo mna michoro yote ya nembo aliyochora marehemu Baba, na ukipotea hata mmoja ajitafutie mji wa kuhamia. Akacheka, akasema basi tutanakili michoro kwanza, kisha ataweka mfumo wa zamani bila kufuta diski. Makorokoro mengine yatasogezwa kwenye folda moja pembeni.

Kazi ikaanza. Asilimia zikawa zinatambaa, nami roho juu. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikafagia ua uliofagiwa, mpaka Daktari akaniomba nikae kwa sababu namtia kiwewe. Hatimaye kompyuta ikawaka na sura yake ya zamani. Michoro yote ilikuwepo. Cherehani ikadarizi nembo ya majaribio bila kukosea uzi. Mama akaja, akauliza kama ndiyo basi, akarudi kulala.

Daktari alikuwa ameshataka kufuta ile folda ya pembeni, akidai inakula nafasi bure. Nikamwambia asubiri. Sura ya Mama haikunikalia sawa. Nikamfuata chumbani, nikambana hadi akasema.

Kaka, cherehani haikuwahi kuharibika. Baba alikuwa amerekodi sauti yake akaiweka badala ya ule mlio wa kompyuta inapowaka, kumtania mkewe anayekimbilia kazi na tumbo tupu. Sisi tulikuwa tumeshahama, hatukujua. Tangu tumzike, Mama amekuwa akiiwasha kila asubuhi ili asemeshwe. Mfumo mpya ulipokuja, sauti ikapotea, na hata huu wa zamani ulirudi bila hiyo. Akasingizia cherehani ili usijue ni wewe uliyemnyamazisha Baba.

Tukaipekua ile folda, na sauti ilikuwemo. Daktari akairudisha mahali pake, akaizima kompyuta, akaiwasha. Baba akamuuliza mkewe, kwa ile sauti yake ya mafua, kama amekunywa chai. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akamjibu kwamba bado, akaenda kubandika maji.

Amenikataza kukuambia, na nimemvunjia amri kwa sababu nasikia umemwahidi kuingia tena kwenye kompyuta uirekebishe. Tafadhali usiiguse. Nimeshaikatia mtandao, maana mfumo wa zamani hauna ulinzi tena. Sauti nimeinakili kila mahali na bado sina amani. Diski inakoroma, nami kila ikikoroma naenda kuitazama. Usijilaumu, lakini mpigie Mama asubuhi. Usimwambie lolote. Muulize tu kama amekunywa chai.

Msalimie sana wifi, na ujitunze.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku