Kigingi Nilichokisogeza

Kasulu, Alhamisi, Novemba 1996. Mvua tangu asubuhi.

Sina raha. Nakaa, nasimama, chai imepoa mezani.

Leo Profesa ameniambia anaacha kazi. Mjerumani huyu amefundisha upimaji ardhi chuo kikuu kwao zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu akaja huku kwetu milimani kupima mpaka kati ya mashamba ya kijiji na kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na mimi ndiye mshika fito zake za kupimia. Aliwahi kunisimulia kwamba kazi aliianza baada ya vita, mji wao ukiwa kifusi, wakitafuta mipaka ya nyumba chini ya matofali. Mtu wa namna hiyo haamini kipimo kimoja. Leo anapima kwenda, kesho anapima kurudi.

Nami nikalisahau hilo. Mjinga mimi!

Jumatatu tulipiga kigingi ukingoni mwa shamba la Bibi Stefania. Jioni akanifuata, mikono kifuani. "Mwanangu, hapo nimemlaza mmoja wa watoto wangu pacha. Mmemchoma." Kaburi lenyewe halina msalaba, ni majani tu, nani angejua? Nikaking'oa, nikakipiga hatua mbili pembeni, nikanyamaza. Kugusa mpaka wa kambi ni kufukuzwa siku hiyohiyo, na nina watoto wanne.

Jumanne tukapima kurudi, hesabu ikakataa. Jana tukarudia, ikakataa vilevile. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Jumatatu nilisoma vibaya, Yohana. Macho yamezeeka."

Hakuniuliza hata mara moja kama kigingi kimeguswa.

Na leo, akifunga mizigo, kanipa timazi yake ya shaba, ile aliyoanzia kazi. Eti mimi ni mtu mwaminifu. Jamani! Nimeipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Nimepita kwa Bibi Stefania kumweleza. Nilidhani atanisihi ninyamaze. Amenikazia macho. "Mzee wa watu aende kwao akijiona kipofu kwa ajili ya kaburi la mwanangu? Nenda ukamwambie. Hata yeye ana makaburi kwao."

Gari linamfuata kesho alfajiri. Nikingoja mvua ikatike, nitapata kisingizio kingine baada ya hicho.

Naifunga timazi kwenye leso na kwenda nayo kwa Profesa hivihivi nikilowa. Macho yake ni mazima, na leo atalijua hilo, hata kama kesho sina kazi.