Fuvu Nililoligeuza

Dada Neema,

Hujambo na watoto? Mimi mzima, ila leo hapa Mwandoya kijasho chembamba kimenitoka. Unaijua kazi yangu ya kupiga picha mizoga na mifupa. Mchana nilikuta fuvu la ng'ombe pembeni ya shamba la pamba, jeupe, pembe zote zipo. Mwanga ulinikatalia, nikaligeuza litazame barabara, nikapiga.

Mama mwenye boma akaja mbio. "Umemgeuza, mwanangu? Huyo ndiye alikuwa anaongoza wenzake. Tulimwelekeza nyumbani ili wasipotee."

Nikacheka, Mungu anisamehe.

Alasiri ng'ombe wake wakatoka kunywa maji. Walipofika pale wakalinusa fuvu, mmoja baada ya mwingine, kisha wote wakashika barabara, kimya. Mama akawaita kwa majina. Hakuna aliyegeuza hata sikio. Nilikimbia nikalirudisha fuvu lilivyokuwa. Wakasimama. Wakarudi taratibu, wakanipita karibu hadi pumzi zao zikanigusa shingoni.

Wabusu wanao, na mlale salama. Ile picha nimeifuta, dada. Ndani yake yule ng'ombe bado alikuwa anaitazama barabara ya kuja kwenu.

Mdogo wako,
Masanja