Mapanga ya Kereng'ende

Tarehe 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kabla hujakunja uso. Barua yako ya Desemba ilinifika, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati, na kila nikitaka kuijibu mtu analia. Mara nyingi ni mtoto. Sisi ni wazima, ila mchumba wako anaota meno na hataki nikae. Nikikaa tu anapiga kelele kama nimemkalia yeye. Kwa hiyo naandika nimesimama, yeye yuko mgongoni, karatasi iko juu ya sanduku lako. Mkweo yuko kazini, anakuamkia. Wewe u hali gani? Goti je? Unakula, au bado unakunywa chai umesimama mlangoni?

Sanduku limefika. Dereva wa lori alisema mwili wa ndege ameushusha kwako, lakini karatasi ya mapanga yake ya kuzunguka ina anwani yangu. Ni refu hilo sanduku, korido nzima limeimaliza. Mlango wa bafu unafunguka nusu, mkweo anaingia ubavu ubavu kama kaa. Nimeanika nepi juu yake. Usinune, ni safi.

Unauliza nitayatuma lini. Baba, fundi uliyemwomba ayakague alikuja Jumamosi. Akayapima, akayagonga kwa kidole, akasema hayana ufa. Kisha akauliza, "Mzee ameshajifunza kuirusha hii?" Nikamwambia kwa majivuno kwamba baba yangu amerusha ndege miaka thelathini na moja: abiria, mizigo, mpaka dawa za mashamba. Akatikisa kichwa. "Anayeanza simwogopi, dada. Namwogopa mzoefu."

Shule yangu unaijua, lakini alinieleza nikaelewa. Ndege ulizozoea zina mabawa. Pua ikipanda mno mwendo ukaisha, rubani anasukuma usukani mbele. Hii haina mabawa, ina haya mapanga mawili juu ya kichwa, na hewani hayazungushwi na injini. Yanazungushwa na upepo unaopanda kutoka chini. Ukisukuma mbele kwa nguvu, upepo unayakimbia, yanapunguza mwendo, na hakuna cha kuyarudisha. Mtu anaanguka na injini yake nzima inanguruma.

Hapo nikakumbuka ulipokuja kumwona mtoto. Ulikuwa unamtembeza kwenye kigari, mbwa akabweka nyuma ya geti, ukasukuma kigari mbele mpaka kikagonga ukuta. Hakuumia, tulicheka wote. Lakini mkono wako haukukuuliza, Baba. Ni mkono ule ule ulionifundisha kwa kijiko mezani nikiwa na miaka sita: "Pua ikipanda, sukuma."

Tafuta mwalimu wa ndege hiyo. Mapanga yatakaa hapa. Na habari za kunipakia kiti cha nyuma usiniambie tena. Mimi miguu yangu iko chini.

Binti yako


Tarehe 20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linalalamika, viungo vingine viko kazini. Msalimie mkweo, na mchumba wangu mwambie meno asiote mengi, mimi yangu yanapungua, tutashindwa kufanana.

Huyo fundi mwambie ashike spana zake. Nina saa elfu kumi na nne hewani. Nimewahi kutua kwenye mvua ya mawe, injini moja imezima, na abiria wa kiti cha tatu hakuamka usingizini. Mwalimu pekee wa karibu ni msichana wa umri wako. Anaendesha pikipiki, ananiita "mzee wangu". Atanifundisha nini, kufunga mkanda?

Nikueleze ukweli. Tangu nistaafu natembea humu ndani, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Ni hatua kumi na moja. Nikifika mlangoni sina la kufanya, narudi. Mama yako angekuwepo angeniambia nammalizia sakafu yake. Nilipomnunua Kereng'ende, ndege hii, kwa yule daktari ambaye macho yamemkataa, niliona mtu anaachana na mtoto. Sasa kila asubuhi nakwenda karakanani, nakaa kwenye kiti chake, nashika usukani, bila mapanga. Wale vijana wanaojaza ndege mafuta wananiuliza, "Mzee, leo umefika wapi?"

Ijumaa dereva wa lori anapita kwako. Mpe sanduku.

Baba yako


Tarehe 28 Februari

Baba,

Shikamoo. Dereva alikuja. Usimkasirikie, ni mtu mpole na alijaribu. Nilimpa chai, nikamrudisha na sweta niliyokufumia. Sanduku liko pale pale. Alipotaka kulishika nilikaa juu yake na mtoto wangu, akasema, "Basi mama, yaishe."

Hujaniuliza kama nina nguvu ya kumwonyesha mtoto huyu babu yake kwenye picha. Sina. Mama aliondoka nimemshika mkono, nikasema sawa, ni ugonjwa. Wewe ukiondoka kwa kiburi sitasema sawa. Nataka niendelee kukugombeza mpaka usiwe na jino hata moja.

Huyo msichana wa pikipiki anaitwa mwalimu. Mwite hivyo.

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mwezi umepita na zaidi. Jino limetoka, la chini, kushoto. Sasa anatambaa, anashika sanduku lako, anasimama, anaanguka, anasimama tena. Kazini nashona, kila pikipiki ya posta ikipita namchoma mtu pini. Mteja mmoja ameniuliza nina ugomvi gani naye.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Mstari mmoja unatosha.

Binti yako


Tarehe 19 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, na hongera kwa jino. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na aibu.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nilikwenda ili nikuandikie kwamba hana jipya. Ndege yake ina usukani mbele na mwingine nyuma. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma. Tukaruka. Mwanangu, ni kama kukaa kwenye kiti cha barazani halafu baraza ikaondoka na wewe. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nikamwambia, "Unaona? Mkono hausahau."

Tukapita juu ya shamba lililolimwa. Hewa ya moto ikapanda kwa ghafla kutoka ardhini, ikatuinua pua. Nikasukuma.

Sikuamua kusukuma. Nilisikia usukani umegonga kitu kigumu kama ukuta. Ulikuwa mkono wake. Alikuwa ameuweka pale tangu tunapaa, anangoja. Akaniambia taratibu kupitia kofia ya masikioni, "Punguza moto wa injini, mzee wangu, mkono utulie. Hapa hatusukumi." Tukatua. Nikamwuliza alijuaje. Akasema, "Wazoefu wote husukuma. Siku ya kwanza huwa sinywi hata maji, nashika tu."

Nimerudi mara nne. Mara tatu nimesukuma. Mkono wangu mwenyewe haunisikilizi, na hiyo ni kazi niliyoijua maisha yangu yote. Nafikiri kumuuza Kereng'ende. Mapanga kaa nayo, au mpe fundi. Nimerudi kwenye zile hatua kumi na moja.

Baba yako


Tarehe 26 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima, na safari hii sijachelewa, unaona? Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni, na mtoto hakulia. Alinishangaa tu.

Usimuuze. Sikuyazuia mapanga ili ubaki nyumbani. Nimepima korido yangu: ni hatua saba mpaka kwenye sanduku, na huwa nazitembea na mtoto mgongoni siku nzima. Najua kutotulia kulivyo. Kwenye barua zako zote za tangu Mama aondoke, hii ndiyo ya kwanza umeandika kwamba ulicheka.

Mara nne umerudi, mara tatu umesukuma. Kwa hiyo mara moja hukusukuma. Mimi naanzia hapo. Mkono uliofundishwa miaka thelathini na moja haufundishwi upya kwa wiki nne. Uvumilie, kama unavyonivumilia mimi.

Nepi nimeziondoa juu ya sanduku. Nimeshaongea na dereva, yuko tayari. Lakini kabla halijatoka hapa bado nahitaji uniletee hivi, na usipunguze hata kimoja:

Nakala ya kurasa za kitabu chako cha safari zenye saa ishirini na mwalimu, sahihi yake kila mstari, si yako.

Barua ya mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko wake, iseme mara ya mwisho uliyosukuma ilikuwa tarehe ngapi.

Sweta, kama mikono ni mifupi, niirefushe.

Picha yako umekaa. Kwenye kiti cha nyumbani.

Na kofia ya kuzuia kelele, ya kiti cha nyuma. Kichwa changu ni sentimita hamsini na tano, nimepima kwa utepe wa kazini.

Binti yako