Mkono wa Wafula

Kamau wangu,

Habari ya huko Kimbo? Huku Gatuanyaga mvua imekataa, mbuzi wamezaa, na cucu, nyanya yako, bado ananuna vizuri. Mimi niliwahi kuwa bingwa wa ngumi Thika nzima. Cucu amechungulia hapa akacheka, basi niseme ukweli: nilikuwa bingwa wa kuanguka.

Umeniuliza mbona wenzako wa mazoezi ya ngumi hawataki kupangwa na wewe, ilhali unawapiga wote. Si umejijibu, ng'ombe wewe?

Pale kwenye ukumbi wetu wa ngumi kulikuwa na Wafula, mpakiaji wa magunia, mkono mzito kama mchi. Siku moja nilichoka nikashusha mikono mbele yake, uso wazi kabisa. Nikafunga macho ningoje meno yaondoke. Akanigusa paji la uso na glavu, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

"Pandisha mikono, kijana," akasema. "Nikikuvunja leo, kesho nitafanya mazoezi na nani?"

Nikapandisha, tukaendelea. Kila jioni tulisukumana ili tupangwe na Wafula. Mwenzetu mmoja aliyependa kutoa watu damu alibaki akipiga gunia la mazoezi peke yake, na gunia halimsalimii mtu.

Sasa, uliniahidi utakuja kunikata kucha za miguu, maana mgongo wangu haukunjiki tena. Mimi nilikukata zako ukiwa mdogo, ukinirushia mateke, na hukutoka damu hata tone. Njoo Jumapili na wembe mpya.

Babu yako, Guka