Kijiti cha Upande wa Kulia

3 Machi

Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Mimi mzima kama chuma, sijui wewe na goti lako. Huku ghalani napanga maboksi ya viatu mpaka yanagusa dari. Msimamizi ananiita Mhandisi. Shule ilinishinda, lakini cheo ninacho!

Sasa sikia. Ule mnara wa vijiti vya mbao uliokuwa ukinifunga nao kila siku, nimeukuta mtandaoni. Bonyeza anwani niliyokutumia, utafunguka humo humo kwenye simu. Unavuta kijiti kwa kidole, unakipandisha juu, zamu inakuja kwangu. Atakayeuangusha ameliwa. Jiandae kuaibika.

Mumeo, Mhandisi

6 Machi

Mume wangu asiye na ndevu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi silisikilizi. Umenifunga mara tatu, usitangaze. Mnara gani huo usio na uzito? Mimi kijiti nakigusa kwanza nijue kama kimelegea. Huku nikikigusa tu, simu inasema nimeshakichagua. Wizi mtupu.

Na humu ndani kuna mwizi mwingine. Shangazi yako ananifichia mkasi. Nauweka mezani, nikiutaka haupo. Nikimuuliza anacheka, anauokota palepale. "Mama, si huu hapa?" Mizaha yake imenichosha.

Bibi yako

12 Machi

Bibi, shikamoo. Kumi na moja kwa bila! Ghala zima linajua. Ila mbona unang'ang'ania vijiti vya kushoto? Jana cha kulia kilikuwa kinaning'inia kama jino bovu, hata paka angekivuta. Unanihurumia au?

Mumeo, Bingwa

14 Machi

Marahaba. Cha kulia kipi? Usinichezee. Leo gauni nililomshonea mwalimu limerudi, eti mkono mmoja haukupindwa. Nimelitazama, naona liko sawa. Watu wamekuwa wajeuri.

Bibi yako

14 Machi

Bibi, leo sitanii. Mchezo unahifadhi kila hatua, nimerudia yote kumi na moja. Hujagusa upande wa kulia hata mara moja. Muulize shangazi mkasi huwa anauokota upande gani. Tazama mkono gani wa gauni haukupindwa. Nenda hospitali, tafadhali. Leo.

Mjukuu wako

15 Machi

Mkono wa kulia. Basi umeridhika?

Macho yangu mazima, uzi natunga bila miwani. Nikienda huko wataniambia nimezeeka, na shangazi yako ataiuza cherehani. Bila cherehani mimi ni nani? Kikongwe wa kusogezwa juani na kurudishwa ndani. Niache.

Bibi

15 Machi

Haya, tuwekeane dau. Mnara umesimama, zamu ni yako. Vuta kijiti kimoja tu cha kulia. Ukikipata, sitamtaja daktari tena mpaka niote mvi. Ukikikosa, unakwenda. Cherehani naitetea mimi, shangazi aniue kwanza.

Mjukuu wako

18 Machi

Bibi, shikamoo. Zamu bado ni yako. Shangazi hapokei simu.

21 Machi

Shikamoo. Bado ni yako. Leo nimeangusha maboksi arobaini, nilikuwa nachungulia simu. Msimamizi kasema uhandisi umeisha. Nitukane basi, nijue upo.

26 Machi

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, nazilipa zote. Nilikitafuta kijiti chako mpaka chai ikapoa. Nikamwita shangazi yako, nikamwambia nifunge kanga twende.

Mshipa mdogo kichwani uliziba, ukafuta nusu ya dunia, nami nisijue. Daktari anasema mkubwa nao ulikuwa njiani kuziba. Nimelala kule siku tisa, sasa nina vidonge vya kila asubuhi. Upande ule huenda usirudi. Wamenifundisha kugeuza shingo kama kuku anayesikia kitu. Nageuza, na vitu vinatokea: mlango, kikombe, shangazi yako. Nimemwomba radhi ya mkasi. Amelia kuliko nilivyotarajia.

Cherehani nimeigeuza, dirisha sasa liko kushoto kwangu. Gauni la mwalimu nimelimaliza.

Zamu yako. Safu ya tisa, cha kulia. Nimekivuta mwenyewe, na mnara haukutikisika.

Bibi yako

26 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimevuta cha katikati, kile chepesi kuliko vyote. Mnara wote chini. Nilivuta huku nasoma barua yako mara ya tatu.

Kumi na moja kwa moja. Usitangaze.

Mumeo