Nilichomoa waya wa spidi ili mume wangu aendelee kunisimulia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nikianza na nilichokifanya utadhani mimi ni mwanamke mbaya, na mimi si mbaya, ni mshonaji wa sare za shule, mke wa mtu kwa miaka kumi na moja, mama wa watoto wawili, na haya yote yameletwa na pikipiki.

Mume wangu ni karani wa mizani kwenye kinu cha unga, malori yanapanda mzani yeye anaandika, na ni mtu wa kufuata maandishi kiasi kwamba dawa ya kikohozi ikiandikwa kijiko kimoja kila baada ya saa nane, yeye anakaa na saa mkononi akiisubiri saa ya nane. Sasa mwaka huu tulijikusanya tukanunua pikipiki mpya, zile za bei nafuu zinazokuja ndani ya boksi kutoka ng'ambo na kuungwa hapahapa dukani, na wenye midomo yao wakatuambia tumenunua kopo, na kusema kweli vioo vyake vinatetemeka mpaka mtu mmoja nyuma yako unamwona wawili, indiketa ya kushoto inawaka ikijisikia, na nati zinalegea zenyewe, lakini mume wangu akasema pikipiki haijui bei yake, inajua inavyotunzwa, na kila Jumapili anaizunguka na spana anakaza nati moja baada ya nyingine, kila asubuhi anabonyeza cheni kwa kidole gumba na kuangalia upepo wa matairi, na nailoni ya kwenye kiti mpaka leo hajaibandua, mimi nateleza hapo nyuma kama samaki.

Kitabu chake kimeandikwa kwa lugha tatu na zote tatu zimetushinda, lakini kuna picha ya mshale umesimama kwenye arobaini na pembeni pameandikwa elfu moja, na muuzaji akamfafanulia kwamba injini ikiwa mpya haitaki kukimbizwa, asizidi arobaini kwa saa mpaka imalize kilomita elfu moja. Basi, mshauri, mwambie mume wangu arobaini uone. Tulienda arobaini. Kutoka nyumbani mpaka kinuni ni kilomita kumi na nne, mimi ananishusha njiani karibu na kufika, na kila asubuhi muuza mayai mwenye baiskeli anatupita kwenye mteremko na kutupungia mkono, wenzake kazini wakambatiza Konokono, na wasichana wa karakana yetu ya ushonaji wakiniona natokea kwenye kona wanapiga vigelegele, wanasema msafara wa bibi harusi huo unaingia.

Lakini sikuona aibu hata kidogo, na sababu yake ndiyo hii. Mume wangu nyumbani haongei. Si mkali, si mlevi, haongei tu, ni habari za kutwa, chakula kitamu, watoto wamesoma, basi, anashika gazeti. Nilishazoea nikasema ndivyo alivyoumbwa. Sasa kwenye mwendo ule wa arobaini upepo hauvumi masikioni, kofia zetu ni zile zilizo wazi mbele, na siku ya tatu au ya nne hivi akaanza kunisimulia, mara dereva aliyejaza mawe chini ya magunia, mara baba yake alivyokuwa akiwasomesha kwa kuuza mkaa, mara alivyotaka kuwa mwalimu wa jiografia akakosa nafasi, na baada ya miaka kumi na moja ya ndoa ndiyo nikajua kwamba mume wangu anaogopa bata. Nilicheka mpaka nikamshika kiuno kwa nguvu, na yeye akacheka, na mimi sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini sisi wawili bila watoto. Nikawa naamka asubuhi nina hamu ya kwenda kazini kama msichana.

Halafu namba zikaanza kupanda. Mia nane, mia tisa, na yeye anazisoma kwa furaha, ananiambia, "Mama watoto, ikigonga elfu tu tunaipa moto. Dakika kumi na tano tuko kazini!" Nikaona ndiyo basi, tutakuwa tunapita kwenye upepo kama mishale, sisikii chochote, nashuka, kwaheri. Jumapili moja mita ilisoma mia tisa arobaini na sita, yeye amejilaza mchana, watoto wako kwa jirani, nikachukua bisibisi ya cherehani yangu, nikafungua skrubu ile ndogo inayoshika waya wa spidi pale kwenye gurudumu la mbele, nikauchomoa waya nikauegesha palepale uonekane uko mahali pake, na skrubu nikaitia kwenye kopo la vifungo.

Jumatatu mshale haukunyanyuka, na namba za kilomita hazikusogea. Akasimama, akachuchumaa, akaushika waya, akasema, "Vitu vya bei nafuu hivi." Nikajua nimekwisha. Kumbe akapanda akasema, "Basi tutakwenda hivihivi polepole. Mzani usiposoma, mzigo haupo." Akaniambia ataagiza waya mwingine, na kila nikiuliza anasema bado haujaingia, na sasa ni mwezi wa tano, tunakwenda kwa gia ya tatu, anakadiria mwendo kwa mlio, na ananisimulia.

Ila sina raha, mshauri. Mimi cherehani yangu naitia oili kila asubuhi, najua chuma kikavu kinavyolia kabla ya kufa, na muuzaji alisema oili ya pikipiki inabadilishwa kwa kilomita, na kilomita nimezizima mimi. Mpaka leo inawaka kwa kiki moja, haijalalamika, lakini nikisikia mlio wowote nashika tumbo. Na yeye ni mtu mwema wa kunitia aibu, kila baada ya wiki kadhaa Jumamosi anaipeleka kuiosha mwenyewe, harudi mpaka mchana, kucha nyeusi tititi, na kuna vichupa vya njano vya lita moja anaviokota sijui wapi, ameleta vinne, amevikata midomo akanioteshea vitunguu dirishani. Mtu kama huyo ndiye ninayemuulia pikipiki.

Sasa juzi mdogo wake, ambaye ni fundi wa pikipiki na anakaa mbali, kapiga simu, kaka yake akataja habari za mita, nikamsikia shemeji akipiga kelele, "Waya tu, kaka? Jumamosi ijayo nakuja nao!" Mume wangu akaweka simu chini, chai akaiacha nusu, nikadhani kichwa kinamuuma. Shemeji akifika ataona waya ni mzima na skrubu imefunguliwa na mkono wa mtu, na nyumbani kwetu mwenye bisibisi ndogo ni mmoja. Niungame? Nirudishe skrubu kimyakimya? Nikirudisha, namba zitagonga elfu, ataipa moto, na mimi nitarudi kuishi na mtu wa habari za kutwa na chakula kitamu. Nikikamatwa, mtu aliyeanza kunifungulia moyo wake baada ya miaka kumi na moja ataufunga na hataufungua tena. Nishauri upesi, Jumamosi haiko mbali.

Ni mimi, Wa Kiti cha Nyuma.

MSHAURI ANAJIBU

Wa Kiti cha Nyuma, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakunja uso. Tuanze na uso.

Bibie, chombo kinachobeba roho mbili kila siku hakiguswi kwa siri, hata kama aliyeshika bisibisi ana mapenzi ya kweli. Mshale ule haukuwekwa pale kama urembo. Kwa miezi mitano umempandisha mumeo barabarani hajui mwendo wake, katikati ya malori, na watoto wawili wanawasubiri nyumbani. Leo umechomoa waya wa spidi kwa sababu ya hadithi za bata, kesho akikusimulia habari za kuku utachomoa breki? Usicheke, nimekasirika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kilichokuuma si mita. Ulikuwa na njaa ya mumeo, na badala ya kumwambia mwenye chakula ukaenda kuiba jikoni. Hilo nakuelewa, mwanangu, na sikucheki. Wanawake wanaoniandikia kwa sababu mume ana kelele ni wachache kuliko wanaoniandikia kwa sababu ya kimya.

Sasa nisikilize. Mimi cheni na gia sivijui, kwa hiyo barua yako nilimsomea fundi anayetengeneza pikipiki nje ya ofisi yetu. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akaniambia waya huo unaning'inia kwenye kila duka la spea, na kuufunga humalizika kabla chai haijapoa. Sasa wa mume wako unatoka wapi, miezi mitano uko njiani, unakuja kwa miguu?

Halafu fundi akaniomba nirudie namba. Mita ilisimama kwenye mia tisa arobaini na sita, kwa hiyo zilibaki kilomita hamsini na nne. Kwenda na kurudi kazini kwake ni ishirini na nane, umeandika mwenyewe. Siku mbili, mwanangu! Jumanne ile jioni elfu yenu ilikuwa imeshapita, na wewe Jumatano asubuhi umekaa nyuma unateleza kwenye nailoni ukidhani umesimamisha dunia. Mtu anayejumlisha uzito wa malori kutwa nzima anashindwa kujumlisha ishirini na nane mara mbili?

Na vichupa hivyo vya njano vya lita moja, fundi wangu anavyo lundo nyuma ya kibanda chake. Ni vya oili ya injini. Havikuokotwa. Kucha hazigeuki nyeusi tititi kwa sabuni na maji, bibie, wewe mwenyewe unatia oili cherehani, unajua oili inavyong'ang'ania kwenye kucha. Mume wako amebadilisha oili mara nne, kwa wakati wake, kwa hesabu ya kichwani, na akaenda kuifanyia mbali ili usione. Kwa nini usione? Kwa sababu ungeiona ungejua kwamba kilomita anazijua. Injini yako iko salama, unaweza kuachia tumbo.

Kama anajua ni nani aliyechomoa waya, hilo siwezi kuapa. Lakini huyu ni mtu anayekaza nati zote kila Jumapili, moja baada ya nyingine. Alichuchumaa, akaushika waya kwa mkono wake, na hakuuliza skrubu iko wapi. Na juzi mdogo wake alipoahidi kuleta waya mpya bure, hakufurahi, akaiacha chai. Mtu aliyesubiri waya miezi mitano haachi chai, anaongeza kikombe cha pili.

Kwa hiyo nyumba yenu ina wadanganyifu wawili wanaopendana, na wote wawili wanaogopa Jumamosi. Ningewapigia makofi, ila barabara haijali nani anampenda nani.

Fanya hivi. Usingoje shemeji afike. Siri ya mke na mume haifunguliwi na shemeji mwenye spana, itakuwa kichekesho cha ukoo mzima mpaka wajukuu. Usirudishe skrubu kimyakimya pia, maana utakuwa umeongeza uongo juu ya uongo. Kesho asubuhi, kabla hajapiga kiki, mkabidhi mkononi, mwambie, "Hii niliitoa mimi, ifunge twende." Asipande mtu mpaka waya umefungwa. Maelezo mengine mpe njiani, kwa sababu hapo ndipo masikio yenu yalipo, lakini chagua ile sehemu iliyonyooka isiyo na magari mengi, asije akafunga breki kwa mshangao.

Na mwombe unachokitaka kwa mdomo wako. Mwambie, "Baba watoto, injini imeshakomaa, lakini mimi nikiwa nyuma nataka twende mwendo wa kusikilizana." Kuomba huko hakuna aibu. Akiwa na haraka zake, zipo kilomita chache kati ya karakana yako na kinu, huko aende peke yake, na asizidi sheria. Shemeji naye msimzuie kuja. Atawatengenezea vile vioo na indiketa yenye hiari yake, na mtapata mgeni.

Inawezekana nimekosea. Labda vichupa aliviokota kweli, na hesabu zilimpita. Ikiwa hivyo, oili ibadilishwe siku hiyohiyo kabla hamjafika popote, na wewe utakuwa umeungama kwa mtu mwema, ambaye atanuna wiki moja kisha yataisha.

Lakini sidhani. Kwa hiyo ukishasema yako, usijitetee, usilie, usianze kumhoji. Nyamaza, mshike kiuno, na mpe muda. Njia itakuwa bado ndefu mbele yenu, na yeye naye ana lake la kusema.